Skauti 14 kupanda mlima Nkungwe, tujiandae vipi?

Kiongozi_Ujiji: Wakuu, Agosti nataka kuwapeleka vijana 14 Mahale, ile hifadhi ya sokwe kule Kigoma, tupande Nkungwe (mita 2,462), siku tatu. Jumamosi tuliwajaribu kilomita 12, mabegi mgongoni. Mmoja alikuja na raba mpya za shemeji yake, namba 43, mguu wake 40! Kufika kilomita ya saba kisigino chekundu kama nyanya iliyomenywa. Mwingine kabeba sufuria ya pilau, ile ya shughuli. Mnashaurije?

Mzee wa Kambi: Viatu wavae kuanzia leo, hata wakitumwa dukani. Na zoezi lirudie mlimani, barabara tambarare inadanganya. Askari wa hifadhi muombe mapema.

Mama Tatu: Kaka, unga na dagaa wa kukaanga wanatosha. Kuni msikate, ile ni hifadhi. Bebeni jiko la gesi, mtungi mdogo. Mwenye mafua abaki nyumbani, sokwe wanaambukizwa.

Kiongozi_Ujiji: Asante dada, la mafua sikuliwaza kabisa. Ila mwenye sufuria kagoma. Anasema kamuahidi mama yake itafika kileleni.