Ua la Kahuzi linalochakacha kama karatasi, ni ua gani?

MamaFuraha_Ibanda
Wandugu, jambo. Mwezi wa saba tulipanda mlima Kahuzi, ndani ya parke ya Kahuzi-Biega karibu na Bukavu, na wageni. Tulipomaliza mianzi, karibu na kilele (mita 3,308, magoti yangu yamezihesabu zote), nikaona kichaka kifupi chenye maua meupe, mgongoni mekundu kidogo. Kuyagusa tu, yakachakacha! Makavu, na bado yako kwenye shina. Shemeji anasema ni plastiki, kuna mtu aliyachomeka pale. Yeye alibaki chini Tshivanga, kwenye kituo cha parke, anakula muhogo. Mtoto anataka jina la kuandika kwenye daftari la biolojia.

Kijana_wa_Kadutu
Si yale ya njano ya kando ya barabara? Huko juu baridi imeyageuza rangi.

Mwalimu_Bagira
Hapana, mdogo wangu. Yale ya barabarani ni Tithonia, mgeni kutoka Meksiko. Ila familia ni moja, ya alizeti, kwa hiyo hukupotea sana.

Mama Furaha, hilo la kwako ni mwenyeji: Helichrysum, kwa Kifaransa immortelle. Hayo meupe si petali. Ni vijani vikavu vinavyozunguka kichwa cha ua. Maua yenyewe ni yale madogo madogo ya njano katikati, yamebanana mengi pamoja, nawe ukadhani ni ua moja. Kwa rangi hiyo nafikiria Helichrysum formosissimum, wa milima mirefu kama Rwenzori. Formosissimum ni Kilatini, "mzuri kupita wote". Lakini ana ndugu wengi wa kufanana. Tuma foto ya majani, pande zote mbili.

MamaFuraha_Ibanda
Majani sikupiga, mwalimu, nilikuwa nahema! Nakumbuka yalininata vidoleni. Halafu ukungu ulipoingia, maua yote yakajifunga.

Kijana_wa_Kadutu
Mama, si ungechuma moja tu ukalete?

Mwalimu_Bagira
Ndani ya parke hatuchumi, kijana. Mama, kujifunga kwenye unyevu ni tabia yao kabisa. Mtoto aandike Helichrysum kwa kalamu, jina la pili kwa penseli, mpaka mtu apande tena na kupiga foto ya majani.

MamaFuraha_Ibanda
Asante sana, mwalimu. Nimemuuliza shemeji kama plastiki nayo hujifunga ukungu ukiingia. Amesema ana usingizi.