Tupeane uzoefu: mwenzako wa kahawa ni nani?

Mtu wa Sokomuhogo
Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo siasa tuiweke kando. Kila mwenye mwenzake wa kahawa atuhadithie: mnakutana wapi, saa ngapi, na mmepitia nini pamoja.

Naanza mimi. Mwenzangu ni seremala, tumesoma skuli moja. Tangu 2009 tunakutana Jaws Corner, baraza letu la kahawa hapa Mji Mkongwe, baada ya Alasiri. Yeye ndiye hutangulia. Akifika huchukua vikombe viwili, chake kinamiminwa, changu hukifunika barazani ubavuni pake. Kikombe kikishafunikwa, pale hapakaliwi, hata na wacheza dhumna.

Mwaka 2017 tuligombana kwa pesa za mbao. Mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa. Wiki tatu hatukusalimiana, na kila siku sote tupo palepale, yeye huku, mimi kule, tumepeana mgongo. Siku moja muuza kahawa akanijia na dele lake, akanimiminia. Nikamwambia sijaagiza. Akasema, "Kimelipiwa. Na cha jana kimelipiwa, na cha juzi. Mimi nimechoka kuvirudisha ndooni." Kumbe muda wote ule jamaa alikuwa akilipia viwili, na kamkataza mwenye kahawa asiseme! Nikanyanyuka na kikombe changu nikenda kukaa alipo. Mbao hatukuzitaja. Tulizungumza bei ya pweza. Deni nililimaliza miezi minne baadaye, na mpaka leo hajawahi kulirejea.

Mama Wawili
Waalaykum salaam kaka. Sisi wanawake mabaraza ya kahawa si yetu, lakini kahawa tunakunywa. Mimi na shoga yangu ni kila Alhamisi baada ya Magharibi, Forodhani, kwenye ukuta wa baharini wanaporukia watoto. Hatununui pale. Yeye huja na chupa yake. Buni anaagizia Bukoba, anazikaanga mwenyewe mpaka zitoe mafuta na nyumba nzima inuke, kisha anazitwanga kwenye kinu na iliki na kipande cha tangawizi kavu. Mimi zamu yangu kashata za njugu.

Nilichotaka kusema ni hiki. Mwaka juzi tulikuwa tunatembea kutoka Darajani, akanitazama, akasema, "Wewe siku hizi unasimama simama njiani." Nikamwambia ni uchovu wa nyumba. Hakunijibu, lakini kesho yake asubuhi kaja kubisha hodi, kashavaa buibui, kanichukua mpaka kupimwa. Presha ilikuwa juu vibaya sana. Mume wangu hakuliona lile, watoto hawakuliona, na mimi mwenyewe nilikuwa nalificha. Aliliona yeye, kwa sababu kila wiki tunakwenda njia ileile, mwendo uleule. Sasa nanywa kikombe kimoja tu, na cha pili hanipi hata nikimbembeleza.

Mpemba wa Wete
Maashallah dada, Allah akuhifadhie shoga yako.

Wangu mimi yuko Maskati, mwaka wa kumi huu. Hapa Wete tulikuwa hatukosi kukaa baada ya Isha, kahawa na halua. Alipoondoka nikajua ndiyo basi. Wiki ya pili akapiga simu, saa tatu usiku huku, kwao saa nne. Akauliza, "Uko kijiweni?" Nikamwambia nipo. "Basi mwambie avigonge vikombe nisikie." Nikaisogeza simu, mzee wa watu akavigonga kwa mkono mmoja kama anavyogonga akipita mitaani. Upande wa pili kimya. Nikadhani simu imekatika. Kumbe analia.

Hadi leo anapiga kila Ijumaa, na hatuanzi maneno mpaka vigongwe. Ugomvi wetu ni mmoja tu: yeye anasema halua ya Oman ndiyo yenyewe, mimi nasema ya hapa Wete. Alipokuja likizo nilimwekea sahani mbele. Alimaliza yote na kauli hajabadilisha.

Mgeni wa Mjini
Nimezisoma zote, na nina wivu mzuri. Nimehamia Unguja miezi mitatu sasa kwa kazi, natokea Mkoani, Pemba. Natoka kazini, narudi chumbani. Nimepita barazani mara kadhaa, naona kila mtu ana wake, nashindwa pa kukaa. Nyie mlianzaje?

Mama Wawili
Mwanangu, sisi tulianza kwa kuazimana mwiko. Usione haya, we toa salamu tu, ukae.

Mtu wa Sokomuhogo
Yakhe, kesho baada ya Alasiri usirudi chumbani. Njoo Jaws Corner, utaona vikombe viwili vimefunikwa ubavuni kwa seremala. Kimoja changu.