Mjadala: Ukaguzi wa marubani viwanjani uwe dai la kwanza la chama chetu?

Mtoa hoja (kapteni wa masafa marefu, Nairobi)

Kila mkataba wa pamoja kati ya chama chetu na mwajiri unapokaribia kujadiliwa upya, wanachama huulizwa ni lipi litangulie mezani. Hoja yangu ni kwamba safari hii tutangulize ukaguzi wa usalama, juu ya mishahara na juu ya mfuko wa akiba ya uzeeni. Wiki mbili zilizopita, saa kumi alfajiri, katika uwanja mmoja ambao sitautaja, nilivua viatu, mkanda na koti, kisha kijana wa ukaguzi akatoa mkobani mwangu uma wa chuma ambao mke wangu alikuwa ameufunga pamoja na chakula changu, akauinua kwenye taa kama anayetafuta alama ya mtengenezaji, na akautupa katika sanduku la vitu vilivyozuiliwa. Saa moja baadaye nilikuwa nimeketi kwenye usukani, na nyuma yangu limefungwa shoka la dharura ambalo kanuni zenyewe zinataka liwemo chumbani humo. Naomba anayeielewa mantiki hiyo anifafanulie.

Wenzetu wa Marekani walilishughulikia jambo hili kwa nguvu. Mwaka 2010, mashine za kupiga picha mwili mzima zilipoenezwa viwanjani, chama cha marubani wa American Airlines kiliwashauri wanachama wazikatae, na kabla Novemba ya mwaka huo haijaisha serikali ilikubali kuwaondolea marubani waliovaa sare ukaguzi huo. Mwaka uliofuata ukaanzishwa utaratibu wa kuwatambua marubani kwa vitambulisho, wakapitia mlango wao, na baadaye wahudumu wakaongezwa. Sisi tunashindwa nini?

Rubani msaidizi, Dar es Salaam

Shikamoo Kapteni. Kisa cha uma kinachekesha na kinaudhi kwa wakati mmoja, na sitakitetea. Lakini mfano wa Marekani umeusimulia nusu. Tarehe 7 Desemba 1987, mtu aliyekuwa amefukuzwa kazi na shirika la USAir alipita na bastola bila kukaguliwa kwa sababu kitambulisho chake hakikuwa kimechukuliwa, akapanda ndege ya PSA, shirika lililokuwa chini ya USAir, safari namba 1771 kule California, akawapiga risasi waliokuwa mbele, na watu wote 43 wakafa. Ni baada ya hapo ndipo wafanyakazi wa ndege walipoanza kupangwa foleni pamoja na abiria. Hata huo mlango maalumu unaoutamani, mwaka 2016 mhudumu mmoja alichaguliwa kwa bahati nasibu akaguliwe katika uwanja wa Los Angeles, akavua viatu, akakimbia na kuuacha mzigo ambao ndani yake zilikutwa kilo zaidi ya 30 za kokeini. Mwaka 2024 watafiti wawili wa usalama wa kompyuta walionyesha kwamba mfumo mmoja uliounganishwa na orodha ya wanaoruhusiwa kupita mlango huo ulikuwa na kasoro ambayo ingemwezesha mtu kuongeza jina la mfanyakazi asiyekuwepo.

Na huku kwetu tusijifanye wageni. Februari 2016, ndege ya shirika la Daallo ilitobolewa ubavu na bomu muda mfupi baada ya kuruka Mogadishu. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta ya mkononi, na kamera zilionyesha likipokelewa kutoka kwa watu wa ndani ya uwanja. Ndege ilirudi na kutua salama kwa sababu ilikuwa haijapanda juu sana. Mkaguzi anapokusimamisha, Kapteni, hana shaka na miaka yako angani; anachokiona ni sare, na sare inashonwa popote.

Mtoa hoja

Marahaba. Sijasema tusikaguliwe. Nimesema tutambuliwe kwa alama za vidole na uso, kisha tukaguliwe kwa akili. Wewe mwenyewe unajua kwamba tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la Ujerumani, aliwaua watu 149 pamoja na nafsi yake kwa kumfungia kapteni wake nje na kuishusha ndege mlimani. Hakuna mashine ya eksirei ambayo ingelinasa hilo. Aliyekabidhiwa ndege haangaliwi kwa uma wake, anaangaliwa kwa hali ya moyo wake, na huko ndiko fedha za usalama zingekwenda.

Rubani mstaafu, mjumbe wa zamani wa kamati

Mwanangu Kapteni, nakuunga mkono katika jambo la afya ya akili, lakini hoja yako umeipeleka kwenye meza isiyo yake. Lango la ukaguzi si mali ya mwajiri. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaitaka kila nchi ihakikishe kwamba wasio abiria wanaoingia sehemu zenye ulinzi maalumu, marubani wakiwemo, wanakaguliwa wao na vitu vyao. Mkurugenzi wa shirika hata akitaka kukurudishia uma wako hana mamlaka hayo; atakuitikia kwa furaha, kwa kuwa ni dai lisilomgharimu hata senti, na wewe utakuwa umetumia karata yako ya kwanza.

Tusisahau pia yaliyotokea mwaka 2022. Marubani wa Kenya Airways waliweka zana chini tarehe 5 Novemba, na msingi wa ugomvi ulikuwa michango ya mfuko wa akiba iliyosimamishwa wakati wa korona. Walirudi kazini siku chache baadaye kwa amri ya mahakama. Abiria waliolala sakafuni hawakuulizia vifungu vya mkataba. Waliona watu wanaolipwa vizuri wakiwakwamisha. Kukiwa na kumbukumbu hiyo, tukisimama hadharani kudai kwamba sisi tusipange foleni, hata waandishi wanaotuhurumia watatucheka. Mfuko wa uzeeni kwanza. Nauzungumzia nikiwa ninaula.

Rubani wa ndege za panga boi, safari za ndani

Naomba niingie, kwa heshima kwenu nyote wakubwa wangu, kwa sababu naona mnabishania heshima na pesa huku kitu chenyewe kikipita katikati yenu. Zamu yangu ya kawaida ina safari nne. Naandikiwa kuripoti saa kumi na moja na robo alfajiri. Lango la wafanyakazi huwa na mashine moja inayofanya kazi, na kwenye foleni hiyo hiyo wamo wapishi na masufuria yao, mafundi na masanduku ya spana, na watu wa duka wenye katoni za maji, kila katoni ikipitishwa peke yake. Ili nisaini kwa wakati, nafika saa kumi na dakika arobaini. Dakika hizo thelathini na tano haziandikwi popote. Saa za zamu zinahesabiwa kuanzia muda niliotakiwa kuripoti, na mapumziko yangu ya usiku yanahesabiwa hadi muda huo huo, kwa hiyo foleni inakula usingizi wangu, na kwenye karatasi naonekana nimelala. Kwa siku tano mfululizo ni karibu saa tatu. Asubuhi ya tano ndiyo ninayosoma mara mbili orodha ya ukaguzi wa ndege kabla ya kuruka, kwa sababu sikumbuki kama mstari wa juu nimeusoma.

Dai langu ni kifungu kimoja: muda wa kuripoti uwe ule ambao kadi inagusa kisomeo langoni. Hapo mwajiri anahusika, Mzee, kwa sababu kila dakika ya foleni itapunguza saa anazoweza kunirusha, na yeye mwenyewe ataenda kugonga mlango wa mamlaka ya uwanja kuomba mashine ya pili. Wala hatuombi kukaguliwa kidogo kuliko mpishi.

Rubani mstaafu

Kifungu hicho ningekipigania enzi zangu. Kuna ugumu mmoja: kumbukumbu za kisomeo ni za uwanja, na mwajiri atasema hawezi kufungwa na saa asiyoimiliki.

Rubani wa ndege za panga boi

Basi aweke kisomeo chake upande wa nje wa lango. Ukutani pale pana nafasi. Kwa sasa pamebandikwa tangazo la mwaka juzi.

Mtoa hoja

Iandike, binti, mimi nitaisaini ya kwanza. Hoja yangu ya uma naiondoa kwenye orodha, ila sijaiondoa moyoni.