Naomba ushauri: waandishi wa habari wanakuja kuwaona wanasesere wangu, nijiandaeje?

Sesere_Leeds:
Habari za humu ndani, wadau. Niko Leeds, Uingereza. Nina wanasesere 64: Barbie wa miaka ya 1960 hadi 1990, Wajerumani wanne wenye vichwa vya kauri, na vichanga watatu wa aina ya reborn, yaani wanasesere wa vinili (plastiki laini) wanaofanana na watoto wachanga halisi, niliowapaka rangi kwa mkono wangu. Gazeti la hapa mjini limeomba mahojiano Alhamisi, na watu wa televisheni nao wameandika barua pepe. Makala nyingi kuhusu watu wazima wenye midoli hutuonyesha kama watu waliopungukiwa na kitu. Hata hivyo sitaki kukataa, maana sote tukinyamaza watatusemea wasiotujua. Naomba mnisaidie: niulize nini kabla hawajaja, niseme nini wakitaka bei, niwaonyeshe nini, na wakipotosha nilalamike wapi?

Meza_ya_Habari:
Dada, kwanza ielewe kazi yao. Mwandishi anakuja na nafasi ya maneno mia nne au mia tano, na mara nyingi mhariri ameshamwambia anataka habari ya namna gani. Kwa wanasesere kuna vifuko vitatu tu. Kuna cha bei: huyu kaficha mali kabatini. Kuna cha huzuni: huyu anaziba pengo la mtoto. Na kuna cha kioja: huyu analala huku macho 128 yanamtazama. Kazi yako ni kumpa kifuko cha nne, cha ufundi, na umpe kikiwa kimejaa ili asione haja ya kurudi kwenye vile vitatu.

Cha huzuni ndicho kinachowaandama wenye vichanga. Mwaka 2008 kituo cha televisheni cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha filamu ya hali halisi kuhusu wanawake wenye wanasesere hawa, na swali la mtoto aliyefariki bado linawafuata. Wapo wanaofarijika kweli, na hilo si aibu hata kidogo. Kosa ni kulifanya jibu la kila mkusanyaji. Linganisha na treni za mfano: mwaka 2019 mwimbaji Rod Stewart alionyesha mji wa reli ndogo alioujenga nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 20, na habari iliyoandikwa ilikuwa ya uvumilivu na ufundi, si ya afya ya akili yake. Dai kipimo hicho hicho.

Kabla ya Alhamisi mwandikie mwandishi barua pepe, usipige simu, ili majibu yabaki kwenye maandishi. Swali lenye uzito kuliko yote ni hili: nani mwingine atahojiwa? Ukisikia kuna mwanasaikolojia lakini hakuna fundi, mtunza makumbusho wala mtu wa mnada, jua makala imeshageuka uchunguzi wa ugonjwa. Hapo usigombe, pendekeza mtu. Mwambie awasiliane na Young V&A, makumbusho ya watoto ya Bethnal Green, London, au United Federation of Doll Clubs ya Marekani, chama kilichoanzishwa 1949.

Jua pia kwamba kichwa cha habari kwa kawaida hakiandikwi na mwandishi anayekuhoji. Kwa hiyo ahadi yake kwamba kitakuwa kizuri haimfungi mtu. Dawa yake ni kusema sentensi moja fupi ambayo mhariri ataitamani, na kuirudia mara mbili au tatu katika mahojiano: "Narudisha wanasesere wa miaka mia katika hali yao." Na ukitaka neno lisichapishwe, makubaliano yafanyike kabla hujalisema. Ukishalisema, limekwenda.

Fundi_Vinili:
Nichukue la bei, maana hapo ndipo makala nyingi huharibika.

Mwandishi atakuja na tarakimu mbili alizozikuta mtandaoni. Ya kwanza ni dola 302,500, Barbie aliyeuzwa na nyumba ya mnada ya Christie's huko New York mwaka 2010. Mwambie kwamba mwanasesere yule alivaa mkufu wa sonara Stefano Canturi wenye almasi ya waridi ya karati moja, na mnada ulikuwa wa kuchangia utafiti wa saratani ya matiti. Watu walilipia almasi na hisani. Ya pili ni pauni 242,500, mwanasesere wa kiwanda cha Ujerumani cha Kämmer & Reinhardt aliyeuzwa na nyumba ya mnada ya Bonhams, London, mwaka 2014. Huyo alikuwa kielelezo nadra mno. Ukiacha tarakimu hizo zikae jirani na jina lako, msomaji ataamini kabati lako lina nyumba mbili ndani yake, na wezi nao ni wasomaji.

Kosa la pili ni mwaka. Barbie wengi wana chapa ya 1966 mgongoni au kiunoni. Huo ni mwaka wa hakimiliki ya kiwiliwili, si mwaka wa kutengenezwa, na chapa hiyo iliendelea kupigwa hadi miaka ya 1990. Shingoni ndani ya kichwa unaweza kukuta 1976, nao ni mwaka wa umbo la kichwa. Tazama nchi iliyoandikwa: wa mwanzo walitoka Japani. Ukikuta 1966 pamoja na Malaysia, Uchina au Indonesia, huyo si wa 1966 hata akiwa na kiapo. Magazeti hudanganyika hapa mara kwa mara, halafu wasomaji wanakimbilia dukani kuuza mdoli wa 1992 wakidhani ni wa kale. Barbie wa kwanza kabisa, aliyezinduliwa New York tarehe 9 Machi 1959 kwa bei ya dola 3, ana matundu kwenye nyayo yenye vijibomba vya shaba, vya kumsimamisha kwenye kibao chake. Hakuna matundu, hakuna mjadala.

Kwa Wajerumani wako, geuza kichwa usome nyuma ya shingo chini ya wigi. Ukikuta A.M. 390, huyo ni wa kiwanda cha Armand Marseille, umbo lililotengenezwa kwa wingi sana, na mara nyingi huuzwa kwa makumi ya pauni, si maelfu. Neno "Germany" kwa kawaida linamaanisha alitengenezwa baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Kagua ufa kwa kuingiza taa ndogo ndani ya kichwa chumba kikiwa na giza: ufa huonekana kama uzi mweusi. Ufa mmoja kutoka paji la uso hadi jichoni unaweza kukata zaidi ya nusu ya thamani, na hiyo ni habari tamu kwa mwandishi kuliko rekodi za mnada.

Andika haya yote kwenye kadi, kadi moja kwa mwanasesere mmoja: mtengenezaji, namba ya umbo, chapa ya nchi, miaka ya makadirio, urefu kwa sentimita. Mpe mpiga picha azipige pia. Maelezo ya picha huandikwa ofisini jioni na mtu ambaye hakufika kwako.

Sesere_Leeds:
Asanteni sana. Kadi nimeanza usiku huu. Sasa upande wa picha: wanataka wote 64 wapangwe sebuleni, mimi nikae katikati. Na hawa vichanga niwaonyeshe au niwafiche?

Taa_na_Lenzi:
Usipange 64, dada. Nyuso nyingi pamoja zinasomeka kama umati, na mtu aliye katikati anaonekana amezidiwa. Chagua watano wenye kitu cha kueleza, waliobaki wakae kabatini nyuma, mlango umefungwa.

Kinachomfanya mwanasesere atishe kwenye picha kina sababu za kiufundi kabisa. Taa ikitoka chini, vivuli vya pua na nyusi vinapanda juu. Taa ya duara inaacha pete nyeupe kwenye macho ya kioo. Lenzi pana ikisogezwa karibu inavimbisha paji la uso. Omba dirisha liwe pembeni, kama nyuzi 45, taa za dari zizimwe, kamera iwe usawa wa kifua cha mwanasesere na irudi nyuma angalau mita moja na nusu. Taa za halojeni wasizielekeze kwa karibu kwenye vinili wala nta, zina joto. Za LED hazina shida.

Halafu mikono yako iwe ndani ya kila picha, ikifanya kazi. Picha yenye brashi, sindano na kadi haiingii kwenye kifuko cha kioja hata wakiisukuma. Na kabla hawajaanza, ondoa kwenye fremu barua zenye anwani, namba ya nyumba na dirisha la mtaani. Picha utakazowatumia mwenyewe zifute kwanza taarifa za mahali zilizofichwa kwenye faili.

Fundi_Vinili:
Vichanga waonyeshe, tena uanze nao, ila uwaonyeshe wakiwa vipande. Weka mezani kichwa kitupu cha vinili kisichopakwa, mkono mmoja uliofika nusu, na mmoja aliyekamilika. Mwandishi akiona hatua tatu kwa mpigo, swali lake linahama kutoka "kwa nini" kwenda "vipi".

Mweleze kwa tarakimu. Rangi za kukaushwa kwa joto zinapakwa nyembamba sana, na kila tabaka linaingia kwenye oveni takriban nyuzi 130 za Selsiasi kwa dakika kama 8, kisha linaachwa lipoe kabla ya kuguswa. Ngozi ya kawaida inachukua tabaka 15 hadi 25: kwanza wekundu wa ndani, kisha mishipa ya buluu, kisha madoa madogo kwa sponji. Ukipaka nzito unapata mabaka. Ukizidisha joto vinili inang'aa, inapinda na kutoa moshi. Oveni hiyo haipikiwi chakula tena, na dirisha liwe wazi. Nywele za moheri (manyoya ya mbuzi wa Angora) zinachomekwa kwa sindano yenye meno, unywele mmoja au miwili kila tundu, zikifuata mzunguko wa utosi, na kichwa kimoja kinakula makumi ya saa. Uzito unatokana na chembe za kioo zilizofungwa kwenye mifuko ya kitambaa pamoja na pamba ya nyuzi, na kichanga wa sentimita 50 hufika kilo 2 hadi 2.5. Chembe zisimwagwe wazi ndani ya mwili, mshono ukiachia zinatawanyika chumba kizima.

Ukitaka mfano wa ukarabati kwa kamera ya televisheni, tumia sikio la kijani la Barbie. Hereni ya chuma chenye shaba inapata kutu, kijani kinaingia ndani ya vinili, kwa hiyo sabuni haikitoi. Ng'oa hereni, paka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksidi asilimia 10 juu ya doa pekee, funika kwa karatasi ya nailoni isikauke, acha kwa saa kadhaa, suuza, rudia kwa siku kadhaa. Jua kali linaharakisha kazi lakini likizidi unabaki na sikio jeupe kuliko uso. Andaa watatu: mwenye doa, aliye katikati ya tiba, aliyepona. Dakika mbili za kamera zinatosha.

Mzizima_Mkavu:
Dada, kwa kuwa wewe ni Mswahili, jiandae na swali moja: "Je, hii ni mila ya Afrika?" Wataulizia mwana hiti wa Wazaramo, maana kwenye minada ya Ulaya mara nyingi huorodheshwa kama mdoli. Jibu kwa ufupi: ni kinyago cha mti, kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, nywele zimegawanyika pande mbili, na kilikuwa cha mwali akiwa ndani. Kina mahali pake katika unyago. Si mkusanyo wa kabatini, na kupenda kwako kauri ya Ujerumani hakuhitaji kibali cha mababu. Usikubali waunganishe.

Kanuni_Kwanza:
Kuhusu malalamiko. Gazeti kwanza: angalia chini ya tovuti yao kama ni wanachama wa IPSO, chombo kinachosimamia maadili ya magazeti Uingereza. Kifungu cha 1 cha kanuni zake kinahusu usahihi. Ukikuta mwaka, bei au maneno uliyonukuliwa si sahihi, andikia gazeti kwanza, taja sentensi yenyewe na uambatanishe ushahidi, ndiyo maana ya kurekodi mahojiano kwa simu yako. Wasiporidhisha nenda IPSO ndani ya miezi 4 tangu kuchapishwa, au hadi miezi 12 kwa habari ambayo bado iko mtandaoni. Lakini kifungu hicho hakikulindi dhidi ya kejeli. Makala isiyokupenda lakini yenye ukweli haina kosa.

Televisheni ni Ofcom, mdhibiti wa utangazaji (kwa BBC unaanza na BBC wenyewe), na muda ni mfupi: siku 20 za kazi tangu kurushwa. Kazi kubwa iko kwenye fomu ya ridhaa. Soma kama inawaruhusu kuuza picha kwa vituo vingine na kuzitumia kwenye vipindi vingine milele. Omba kipengele hicho kifungwe kwa kipindi hicho kimoja, na jina la kipindi liandikwe kwenye fomu. Gazeti haliwezi kukupa makala uihariri, usiombe hilo. Omba wakusomee nukuu zako na takwimu, wengi hukubali.

Sesere_Leeds:
Mungu awabariki. Swali la mwisho: wa televisheni wamejibu sasa hivi. Wanataka nimweke kichanga kwenye kigari nitembee naye barabarani dakika tano. Wanasema ni picha ya kufungulia tu.

Meza_ya_Habari:
Kataa, na mweleze sababu bila hasira. Mwaka 2016 huko Keene, New Hampshire, askari alivunja kioo cha gari akidhani anaokoa mtoto, kumbe ni mwanasesere kama wako. Brazili mwaka 2025, baada ya video za maigizo za vichanga hawa kusambaa, vyombo vya habari vilizirudia wiki baada ya wiki, wabunge wakapeleka miswada ya kuwadhibiti wenye wanasesere, na meya wa Rio de Janeiro akapinga siku maalumu ambayo madiwani walikuwa wameipitisha kwa ajili ya watengenezaji. Mwezi Juni mwanamume mmoja huko Belo Horizonte alimpiga mtoto halisi wa miezi 4 akidai alidhani ni mwanasesere. Picha ya kigari inauza wazo lile lile kwamba mwenye mdoli hajui tofauti.

Usiwaachie nafasi tupu, maana wataijaza. Wape picha nyingine ya kufungulia: sindano inaingia utosini chini ya taa ya meza, kamera karibu, sauti ya vinili ikitoboka. Mwanasesere alazwe kwenye taulo iliyokunjwa, si mapajani. Na siku hiyo ukimtoa nje kwa gari, afungwe kwenye sanduku lenye kifuniko, kiti cha mtoto kibaki nyumbani.