Elimu ya mitishamba: iliachwa na Wachwezi au ilitoka msituni?

Mjukuu wa Hoima
Wakubwa shikamooni. Bibi yangu mzaa mama, Muganda aliyeolewa huku Hoima, Uganda, hakukosa emumbwa jikoni: vijiti vya udongo uliokandwa na mitishamba iliyosagwa, ambavyo alivisugua juu ya jiwe lenye maji hadi maji yakawa mazito, kisha akatunywesha tumbo lilipotuuma. Alituambia kwamba dawa iliachwa na Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi yetu, siku walipochoka kutawala watu wasiowasikiliza. Neno hilo limenirudia mwaka huu, kwa kuwa hata kikao cha kijiji cha kuzungumzia kisima huishia kwenye ugomvi wa nani anamuunga mkono nani, na mimi siasa zimenichosha kabisa. Je, simulizi hilo lina msingi?

Mwalimu Mstaafu, Mubende
Marahaba, mjukuu. Kwa masimulizi ya Bunyoro-Kitara, ufalme wa kale wa huku kwetu, mfalme wa Wachwezi aitwaye Ndahura alitekwa vitani baada ya giza kuifunika nchi mchana, na hata alipoachiliwa aliona haya kukirudia kiti, kikamwendea mwanawe Wamara. Chini ya Wamara watu waliacha kuwaheshimu Wachwezi, nao wakaondoka. Lakini tazama kilichofuata: Ndahura aliyeshindwa kutawala akawa mzimu wa ndui, na hapa kwetu, kwenye kilima cha Mubende, penye ule mti mkubwa wenye mizizi iliyosimama kama kuta za vyumba, makuhani wa kike walioitwa Nakayima waliombwa tiba ya ugonjwa huo kwa vizazi vingi. Kwa hiyo bibi hakukosea sana. Hata hivyo, simulizi hilo linaeleza mganga alipata wapi heshima. Halielezi jani lilijulikanaje.

Mpenda Misitu, Masindi
Jani lilijulikana kwa kutazama. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua dawa za kwao, alikuwa na mtafiti Michael Huffman walipomwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, akivunja matawi machanga ya mululuza, mti mdogo mchungu, akitupa maganda na majani, na kufyonza maji machungu ya kiini. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Kalunde aliutambua mti ule mara moja, kwani Watongwe huutumia kutibu tumbo na homa. Nasi tuna msitu wa Budongo hapa: utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mimea ambayo sokwe wa msitu huo huila wakiwa wagonjwa au na majeraha ina nguvu ya kuzuia bakteria au kutuliza uvimbe. Mmoja wao, dume aliyeumia mkono, alikwenda kula aina ya kangaga ambayo wenzake hawakuigusa. Hakuna mfalme aliyemfundisha.

Mkunga wa Jinja
Wanangu, mmewataja wafalme na sokwe, lakini mama anayeamka usiku na mtoto mwenye homa hamkumtaja. Ni yeye aliyejaribu, akapunguza kipimo, akamwonya binti yake juu ya mzizi usiofaa kwa mjamzito. Serikali hufika baadaye. Mwaka 1957, wakati wa ukoloni, ilitunga Sheria ya Uchawi, na waganga wengi wa kweli wameishi na hofu ya kuitwa wachawi. Mwaka 2019 ndipo ikapitishwa sheria ya kuwasajili watu wa tiba asili. Nakubali usajili, kwa sababu nimeona watoto walioharibiwa na dawa za matapeli wa sokoni, ila usajili hauzai elimu. Mjukuu wa Hoima, uchovu wako naujua, lakini usikiache kikao cha kisima. Na hebu niambie, bibi alichanganya nini kwenye emumbwa?

Mjukuu wa Hoima
Nashukuru, mama, kikao kijacho nitakwenda. Nakumbuka miwili tu, mululuza na bbombo. Mingine aliichuma alfajiri, sisi tukiwa bado tumelala, na udongo aliufuata bondeni peke yake. Sikuwahi kumwomba anichukue.