Naomba ushauri: maswali ya chemsha bongo kuhusu warushaji wakubwa wa besiboli, yapi yataleta ubishi?

Mwenyeji614

Salamu wakuu. Ninaandaa chemsha bongo ya jumuiya ya Waswahili hapa Columbus, Ohio. Mada ni moja tu: warushaji wakubwa katika historia ya ligi kuu za besiboli za Marekani. Timu sita, maswali 20. Vijana waliokulia huku wanaujua mchezo huu vizuri, kwa hiyo jibu lenye kasoro litabishiwa papo hapo. Nimefikia hapa:

1. Nani ameshinda mechi nyingi kuliko warushaji wote? Cy Young, 511.
2. Nani alishinda mechi nyingi zaidi katika msimu mmoja? Jack Chesbro, 41, mwaka 1904.
3. Nani ana straikauti (kumtoa mpigaji kwa straiki tatu) nyingi zaidi katika mechi moja? Roger Clemens, 20.
4. Mrushaji wa kwanza Mweusi katika ligi kuu ni nani? Satchel Paige, 1948.
5. Nani pekee aliyemaliza mechi ya World Series (fainali za ubingwa) bila kuruhusu hiti (mpigo unaomfikisha mpigaji kwenye besi, yaani kituo cha kukimbilia)? Don Larsen, 1956.
6. Nani ana wastani wa chini zaidi wa pointi anazoruhusu kwa mechi nzima, katika msimu mmoja? Bob Gibson, 1.12, mwaka 1968.
7. Walter Johnson alipata straikauti ngapi? 3,508.

Lipi libaki, lipi litupwe, lipi liandikwe upya? Na wazazi wasioujua mchezo niwasaidieje wasikae kimya usiku mzima?

DadaTakwimu

Mwenyeji, swali la 1 liache kama lilivyo, halina ubishi. Mengine sita yote yana tundu, na tundu lenyewe ni lile lile: umeuliza rekodi bila kuiwekea mipaka. Rekodi ya mrushaji lazima iseme tangu mwaka gani, katika ligi zipi na kwa iningi (zamu za timu mbili kupiga) ngapi.

La 2: mwaka 1884 Charles Radbourn wa Providence alimpita Chesbro kwa mbali. Vitabu vingine vinampa ushindi 59, vingine 60, kwa hiyo usimuulize yeye. Andika "tangu mwaka 1901" na jibu la Chesbro linasimama.

La 3: Clemens alifika 20 mara mbili, 1986 na 1996. Kerry Wood akafika 1998, Max Scherzer 2016. Randy Johnson naye alipata 20 mwaka 2001 ndani ya iningi 9, ila mechi ikaendelea mpaka ya 11 yeye akiwa ameshapumzishwa. Na juu yao wote yupo Tom Cheney, 21 mwaka 1962, katika mechi ya iningi 16. Ligeuze hivi: "Ni mrushaji gani aliyepata straikauti 20 katika mechi ya iningi 9 mara mbili?" Hapo Clemens yuko peke yake.

La 4 ni kosa kabisa. Dan Bankhead aliirushia Brooklyn Dodgers tarehe 26 Agosti 1947, karibu mwaka mzima kabla ya Paige. Paige alikuwa wa kwanza katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya leo. Halafu kuna jambo zito zaidi: Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 nazo ni ligi kuu. Kwa maana hiyo neno "wa kwanza Mweusi katika ligi kuu" halina tena maana ile ya zamani, na ni haki lisiwe nayo. Taja ligi kwa jina: "Mrushaji wa kwanza Mweusi katika American League ni nani?"

La 5: mwaka 2022 warushaji wanne wa Houston walishirikiana kuinyima Philadelphia hiti katika mechi ya 4 ya World Series. Larsen anabaki pekee ukisema "mechi kamilifu", yaani wapigaji 27 wakaja, 27 wakarudi, hakuna hata mmoja aliyekanyaga besi ya kwanza.

La 6 limeharibiwa na pande mbili. Dutch Leonard alikuwa na 0.96 mwaka 1914. Na Mei 2024, takwimu za ligi za Weusi zilipoingizwa kwenye vitabu rasmi, Paige akasomeka 1.01 kwa msimu wa 1944, chini ya Gibson. Kwa hiyo hata ile kinga ya zamani ya kusema "tangu 1920" haitoshi tena. Chapisho lolote la kabla ya 2024 usilitumie kwa rekodi za wastani. Paige huyo huyo alikuwa akihesabiwa ushindi 28, sasa ni 125.

La 7 litupe. Vyanzo vingine vinasema 3,508, vingine 3,509. Muulize Johnson kwa rekodi isiyo na mgogoro: mechi 110 ambazo hakuruhusu pointi hata moja.

Kobe_Mzee

Naongezea la Gibson, maana kumwacha nje ni hasara. Usiulize wastani, uliza matokeo yake. Mwaka 1968 warushaji walitawala mno: Gibson 1.12, Denny McLain ushindi 31, na hajatokea tena wa kufika 30. Msimu wa 1969 kanuni zikabadilishwa. Kilima anachosimama mrushaji kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10, yaani toka sentimita 38 hadi 25, na eneo la straiki (ambamo mpira ukipita bila kupigwa huhesabiwa straiki) likapunguzwa. Swali: "Baada ya msimu wa 1968, ni kitu gani cha uwanjani kilichoshushwa ili kuwapa nafuu wapigaji?" Hilo hata mzazi asiyejua jina moja la mchezaji anaweza kulifikiria akapata.

Jambo jingine ni karatasi ya majibu. Andika kabla ni jina gani linakubalika. "Johnson" peke yake halitoshi: Walter alirusha kwa mkono wa kulia, ushindi 417, Randy wa kushoto, ushindi 303 na straikauti 4,875. "Martínez" vilevile: Pedro ni Mdominika, wastani 1.74 mwaka 2000. Dennis ni Mnikaragua, mechi kamilifu 1991. "Perry" na "Niekro" ni ndugu wawili wawili. Waambie washiriki mwanzoni kabisa kwamba jina la ukoo linatosha isipokuwa msomaji aseme "majina mawili". Usipotangaza mapema, utajikuta unaamua kwa sura ya mtu.

nyuki_wa_kati

Weka na haya mawili ya mtego, yako salama:

Cy Young alishinda Tuzo ya Cy Young mara ngapi? Hakuna hata moja. Alifariki 1955, tuzo hiyo ya mrushaji bora wa mwaka ikaanza 1956, na wa kwanza kuichukua ni Don Newcombe.

Mrushaji aliyeshinda mechi nyingi zaidi ni Cy Young. Aliyepoteza nyingi zaidi je? Ni yeye yeye. Ila usitaje idadi, vyanzo vinapishana kati ya 315 na 316.

Mwenyeji614

Asanteni sana. Dada Takwimu, umeniokoa na la 4 hasa. Nina maswali mawili zaidi. Kwa kuwa tuko Ohio, nataka raundi moja nzima ya Ohio. Je, kuna vya kutosha? Na je, lipo swali la Afrika?

Besi_ya_Tatu

Ohio ni shamba lenye rutuba, kaka. Cy Young mwenyewe ni mzaliwa wa Gilmore, Ohio, na kazikwa Peoli, jimbo hilo hilo. Jina lake halisi ni Denton True Young. "Cy" ni kifupi cha neno la Kiingereza "cyclone", yaani kimbunga, kwa jinsi alivyorusha. Anza naye.

Kisha Addie Joss wa Cleveland. Tarehe 2 Oktoba 1908, siku chache msimu kuisha huku timu zikibanana kileleni, alikutana na Ed Walsh wa Chicago White Sox. Walsh siku hiyo alitoa wapigaji 15 kwa straiki na kuruhusu pointi moja tu. Ikamshinda, maana Joss alirusha mechi kamilifu, 1 kwa 0. Utamu wa ziada: mpaka leo hao wawili ndio wanaoongoza orodha ya kawaida ya wastani wa maisha, Walsh 1.82 na Joss 1.89. Joss alifariki Aprili 1911, ana miaka 31 na siku mbili. Kanuni ya Jumba la Umaarufu la Cooperstown, linaloenzi wachezaji bora, inataka misimu 10, yeye alikuwa na 9. Aliondolewa sharti hilo na kuingizwa 1978. Swali: "Ni mrushaji gani wa Cleveland aliyeingia Cooperstown akiwa na misimu 9 tu?"

Bob Feller, naye wa Cleveland, tarehe 16 Aprili 1940, siku ya ufunguzi wa msimu, aliinyima White Sox hiti hata moja. Hapa angalia sana. Kuna swali maarufu linalosema, "Ni mechi gani ambayo wapigaji wote wa timu walitoka na wastani ule ule wa kupiga waliokuja nao?" Jibu linalotarajiwa ni hiyo ya Feller, eti waliingia na sifuri wakatoka na sifuri. Lina kasoro: kabla ya mechi ya kwanza mpigaji hana wastani wowote, kwa sababu hajasimama kupiga. Sifuri na kutokuwepo ni vitu viwili. Uliza tu, "Nani alirusha mechi bila hiti siku ya ufunguzi, 1940?"

Upande wa Cincinnati yupo Johnny Vander Meer, mechi mbili mfululizo bila hiti, tarehe 11 na 15 Juni 1938. Na Joe Nuxhall, aliyepandishwa kilimani tarehe 10 Juni 1944 akiwa na miaka 15, vita ikiwa imewachukua wachezaji. Alitoa wapigaji wawili tu, akaruhusu pointi 5. Yeye atakusaidia kuwafundisha wazazi hesabu ya wastani: pointi zilizotokana na mrushaji, zidisha kwa 9, gawanya kwa iningi alizorusha. Wapigaji wawili ni theluthi mbili ya iningi. 5 mara 9 ni 45. Gawa kwa theluthi mbili, unapata 67.50. Mkiandika ubaoni, wote wataelewa kwa nini 1.12 ya Gibson ni ajabu. Ukimuuliza kama mdogo kuliko wote, weka "katika karne ya 20".

La mwisho la Ohio, Cleveland wakiwa upande wa pili. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit. Armando Galarraga ametoa wapigaji 26 mfululizo, amebakiza mmoja. Jason Donald anaupiga mpira chini kuelekea kulia. Miguel Cabrera anaufuata, anageuka, anamtupia Galarraga aliyekimbilia besi ya kwanza. Mpira umo ndani ya glavu, mguu uko kwenye besi, Donald bado hajafika. Mwamuzi Jim Joyce anafungua mikono: salama. Galarraga akatabasamu, akarudi kilimani, akamtoa mpigaji wa 28. Marudio ya video yakaonyesha kosa, na Joyce akalikiri. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce karatasi ya wachezaji, mwamuzi akilengwa na machozi. Rasmi mechi hiyo si kamilifu, kwa hiyo swali lako lisiwe "nani alirusha mechi kamilifu Juni 2010". Uliza jina la mwamuzi, hilo ni gumu na ni la haki.

DadaTakwimu

Hapo hapo kwenye mechi kamilifu: idadi rasmi ni 24, ya mwisho ikiwa ya Domingo Germán, Juni 2023. Hakuna aliyerusha mbili. Watu humtaja Roy Halladay kwa sababu mwaka 2010 alirusha kamilifu Mei, kisha bila hiti Oktoba katika mchujo. Ile ya pili aliruhusu mpigaji mmoja besi ya bure (kwenda besi ya kwanza baada ya mipira minne mibaya), kwa hiyo si kamilifu. Idadi hii hubadilika, ihakiki asubuhi ya siku yenyewe kisha uandike "mpaka leo".

Afrika: Tayler Scott, aliyezaliwa Afrika Kusini, alirushia Seattle Mariners 2019. Sema "mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika Kusini". Ukitaka la jirani zetu, mwaka 2012 Uganda, timu ya Lugazi, ilikuwa ya kwanza toka Afrika kucheza World Series ya watoto ya Little League kule Pennsylvania. Si la warushaji, liweke kama swali la nyongeza.

Kobe_Mzee

Kuhusu wazazi: chapisha nusu ukurasa wa maneno, usizidi sita. Mrushaji hutupa mpira, mpigaji husubiri na gongo, mdakaji huchuchumaa nyuma yake. Straikauti ni kumtoa mpigaji kwa straiki tatu. Hiti ni mpira uliopigwa mpigaji akafika besi salama bila kosa la walinzi. Iningi ni zamu ya kila timu kupiga mpaka watolewe watatu. Halafu badili vipimo vyote: mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, tangu 1893. Mpira wa Aroldis Chapman wa Septemba 2010 ulipimwa maili 105.8 kwa saa, karibu kilomita 170.

Mpangilio: 7 rahisi, 8 ya kati, 5 magumu. Kila timu iwe na angalau mzazi mmoja na kijana mmoja, na maswali ya aina ya kilima kilichoshushwa yawe ya mzazi kujibu kwanza.

nyuki_wa_kati

Usisahau la kuamua zikifungana. Liwe la namba, la kukadiria. Nolan Ryan ana straikauti 5,714, mechi 7 bila hiti na Tuzo ya Cy Young sifuri. Swali: aliwapa wapigaji besi ya bure mara ngapi katika maisha yake yote? Jibu 2,795, nayo ni rekodi. Kila timu iandike kwa siri, sekunde 30, aliye karibu zaidi anachukua. Wakilingana, mmoja juu na mwingine chini, mshindi awe wa chini. Litangaze hilo kabla ya kusoma swali. Ukihitaji la pili, mechi ambazo Cy Young alianza na kumaliza mwenyewe: 749. Iningi zake usiulize, zinahesabiwa tofauti.