Mabanzi na vumbi la mbao Mafinga: niuze yalivyo, ninunue mashine ya briketi, au nisage chipsi za boila?

Dingdong Mbili (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Nina dingdong mbili (mashine ndogo za kupasulia mbao, zenye blede ya duara) huku Mufindi, napasua mipaini ya wakulima wadogo. Nilipoanza mwaka 2012 maranda tulikuwa tunayachoma palepale porini, na mabanzi (vile vipande vya pembeni vya gogo vyenye magome) walibeba akina mama wa kijijini bure, tena tuliwashukuru kwa kutusafishia eneo. Siku hizi mwenye shamba anauliza mabanzi ni ya nani kabla hatujapatana bei ya miti! Nimepata vijisenti na nawaza njia tatu: niendelee kuuza yalivyo, ninunue mashine ya briketi (vumbi lililoshindiliwa liwe kama kuni), au nitafute mashine ya kusaga chipsi niwauzie wenye boila za mvuke viwandani. (Chipsi za mbao, msije na utani wa chipsi mayai.) Swali langu kubwa: je, huu mzigo utakuwepo miaka kumi ijayo? Nawasilisha.

Mama Vifaranga
Kaka, kwanza tuelewane. Dingdong haitoi maranda, inatoa vumbi. Maranda ni yale mapana yanayotoka kwenye mashine ya randa mjini, ndiyo tunayotandika bandani. Vumbi laini vifaranga wanalila wakidhani ni chakula, na likikauka wanaanza kukohoa. Ukiniambia maranda halafu ukaniletea vumbi, tutakosana.

Dingdong Mbili
Dada, umenikamata. Huku tunaita yote maranda.

Bwana Miti Mstaafu
Vijana, swali la miaka kumi lijibiwe kwa umri wa miti, siyo kwa ukubwa wa lundo unaloliona leo. Shamba la miti la serikali la Sao Hill lilianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini upandaji mkubwa ulikuja baada ya uhuru, hasa miaka ya 1970 na 1980, kwa kuwa kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilitarajiwa kula miti ile. Kiwanda kikafunguliwa 1985, kikasuasua, kikasimama miaka ya 1990, hadi kikapata mwekezaji 2004. Miti haikumsubiri mtu, ilinenepa tu. Wapasuaji mlioingia baadaye mlikuta magogo makubwa ya miaka 25 na zaidi. Gogo nene halitoi banzi jingi ukilinganisha na mbao zake.

Sasa mnapasua nini? Miti ya wakulima iliyopandwa miaka ya 2000 kuja huku, inakatwa ikiwa na miaka minane, kumi, kumi na mbili, maana ada ya shule haingoji mti ukomae. Gogo jembamba ni duara dogo unalolazimisha liwe pembe nne. Zaidi ya nusu linabaki chini. Kwa hiyo mabaki kwa kila mbao yameongezeka, ila yametawanyika vijijini badala ya kulundikana kwenye kiwanda kimoja. Hapo ndipo wengi wanaonunua mashine ya kukaa sehemu moja wanapokwama.

Fundi Misumeno
Shikamoo mzee. Niongezee la msumeno. Blede ya dingdong inakula kama milimita 7 kila inapopita. Ukipasua mbao ya inchi moja, yaani milimita 25, kila milimita 32 za gogo unapoteza 7, karibu asilimia 22, na yote ni vumbi. Msumeno wa mkanda unakula milimita 2 na nusu hivi, upotevu unashuka hadi asilimia 9. Kila anayehama dingdong kwenda mkanda anapunguza vumbi kwa zaidi ya nusu, kwa magogo yaleyale. Mkuu, hata wewe ukipata hela ya kutosha utanunua mkanda, na briketi zako zitakosa malighafi kwa mkono wako mwenyewe.

Bwana Miti Mstaafu
Marahaba. Na usisahau mashine za kumenya vinia, yaani tabaka jembamba za mti zinazogandishwa kuwa marine bodi. Zinachukua gogo jembamba ambalo zamani lingeishia mabanzi na kuni, zinalimenya mpaka kinabaki kijiti.

Briketi Zimenifunza
Mimi nilijaribu briketi, niwaambie ukweli. Mashine siyo tatizo, tatizo ni maji. Vumbi la mpaini uliokatwa jana karibu nusu yake ni maji, na mashine inataka unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ukiingiza tani 10 mbichi unatoa tani 5.7 hivi, zaidi ya tani 4 ni maji ya kufukuza. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na ule ukungu wa Mufindi, utayafukuza kwa jua lipi? Nilianika kwenye turubai, mvua ikanyesha mara tatu wiki moja, vumbi likaanza kuota ukungu na kutoa joto lenyewe. Ukikosa tanuri la kukaushia, bora usianze. Halafu skrubu ya mashine, ile inayoshindilia vumbi, inalika, tulikuwa tunaichomelea kila mara.

Soko lipo, hilo sikatai. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ila wakuu wa shule wengi wanapigiwa hesabu ya gesi kwanza.

Fundi Boila
Kuhusu chipsi: kabla ya kununua chochote, nenda kaone mdomo wa boila. Boila nyingi za viwanda vya chai zinalishwa magogo ya mlingoti (mkaratusi) kwa mkono, na mashamba ya chai yana milingoti yao. Chipsi zinataka mkanda wa kulishia na wavu wake. Bila mteja aliyesaini, utasaga lundo la kuoza.

Njombe kuna mfano mzuri, ile kampuni ya miti ya miwati ina mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaokula kuni tangu 1995. Hesabu ya haraka: mtambo wa mvuke wa ukubwa huo, ufanisi ukiwa asilimia 20 na kuni zikiwa na unyevu wa kawaida, unameza kama tani 100 kwa siku. Ni Fuso kumi za tani kumi, kila siku, Jumapili na Krismasi! Wao wana msitu wao. Wewe na dingdong mbili utapeleka Fuso ngapi? Na mita moja ya ujazo ya mti ikisagwa inakuwa mbili na nusu hadi tatu. Unalipia dizeli kubeba hewa.

Eldoret Mbao
Salamu kutoka Kenya. Mimi nitawapa upande mmoja tu. Februari 2018 serikali yetu ilisimamisha ukataji kwenye misitu ya umma, ikasema siku 90. Ruhusa ilikuja kutangazwa Julai 2023. Miaka hiyo yote mbao zilitoka kwenu zikiwa zimeshapasuliwa, vumbi lake likabaki huko Mafinga. Wafugaji wa huku walikuwa wanapigania gunia la maranda. Kwa hivyo wewe ndugu yangu, sehemu ya lile lundo unaloliona imetokana na marufuku ya nchi nyingine. Usilihesabu kama la kudumu.

Dingdong Mbili
Hii sikuwahi kuifikiria kabisa. Sasa mabanzi je?

Ilula Nyanya
Mabanzi usiyaguse! Sisi wa matenga ya nyanya tunayafuata hukohuko. Banzi refu na pana linapasuliwa tena linatoa vipande vya tenga. Yale mafupi wauzie wachoma tofali. Ukiyasaga yote chipsi umeua mbao ya pili.

Dingdong Mbili
Wakuu, nimewaelewa. Chipsi nimeachana nazo. Mabanzi nitayachambua, marefu kwa matenga, mafupi kwa tofali. Briketi naweka kiporo. Nimeongea na wenzangu wanne wenye dingdong tuone kama tanuri moja la kukaushia, lililokaa karibu na barabara, linaweza kutuhudumia sote. Wiki hii napima vumbi langu kwa mizani, maana nimegundua sijawahi kujua natoa kilo ngapi kwa siku. Na hela iliyobaki nanunua randa ya mtumba.

Mama Vifaranga
Hapo kwenye randa umenifurahisha. Ikianza kazi niwekee magunia hamsini. Na nitakuja na chekecho.